Jinsi ya kusoma maoni ya watazamaji kuhusu muvi ya Underwater, na jinsi ya kuandika ya kwako yakamsaidia mtu

Ukitafuta watu wanasemaje kuhusu Underwater, ile ya 2020 ya Kristen Stewart, utakuta mmoja anasema takataka kapoteza saa moja na nusu yake bure, anayefuata anasema hajawahi kubanwa roho na muvi ya chini ya maji kama hii, na wote wawili wameangalia kitu kilekile cha dakika 95. Sasa we ambaye hujaiona na bando lako ni la kuhesabu ufanyeje? Wengi wanacheki wastani wa nyota, wanaona ziko katikati katikati, wanaachana nayo. Mi naona hapo ndo watu wanapoikosa, maana kwa muvi ya aina hii nyota hazisemi kitu, kinachosema ni sababu aliyotoa mtu, na mara nyingi sababu iliyomfanya mwenzako aiponde ndo hiyohiyo itakayokufanya we uipende. Naipenda hii muvi sana na sifichi, ila hapa nachotaka ni uyapitie hayo maoni kwa akili ukatoka na jibu lako mwenyewe.

Anza kwa kujua muvi yenyewe ni ya aina gani, na usijue zaidi ya hapo. Kuna kituo cha kuchimba kinaitwa Kepler, kiko kule Pasifiki kwenye Mfereji wa Mariana, karibu kilomita 11 chini ya maji. Kituo kinaanza kubomoka, wanabaki watu wachache, vyombo vya kujiokolea vimeshaondoka vyote, njia iliyobaki ni kuvaa masuti mazito na kutembea kwa miguu sakafuni mwa bahari mpaka kituo kingine kinaitwa Roebuck. Na huko nje hawako peke yao. Basi, inatosha. Steringi ni Norah, fundi mitambo, kaigiza Kristen Stewart akiwa kanyoa nywele karibu zote, kapteni ni Vincent Cassel yule Mfaransa, wengine ni Jessica Henwick, John Gallagher Jr., Mamoudou Athie na T.J. Miller, na aliyeiongoza ni William Eubank. Ukiona rivyu inaanza kukuhesabia nani anakufa wa kwanza nani wa pili, funga hapohapo, huyo anakusimulia muvi, hakupi maoni.

Halafu namba. Hapa watu wanapigwa chenga sana. Ile asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wakosoaji, sio alama za mtihani. Ikiandikwa asilimia 47 au 48 kama ilivyo kwa Underwater upande wa wakosoaji, haimaanishi muvi imepata 47 kwa 100, inamaanisha chini kidogo ya nusu ya wakosoaji waliipa alama ya kupita na waliobaki hawakuipa. Muvi ambayo kila mtu anasema "siyo mbaya" inaweza kupata asilimia 90, na muvi ambayo nusu wanaipenda kweli kweli na nusu wanaichukia ikapata 50. Kwa hiyo ukiona namba inayocheza katikati, usiisome kama "ya kawaida", isome kama "watu wamegawanyika", na watu wakigawanyika ndo inabidi ushuke chini ukasome kwa nini. Kuna na ile CinemaScore, ambao wanawauliza watu wa Marekani wakiwa wanatoka sinema siku za mwanzo kabisa, Underwater ikapata C, na C kwao ni mbaya. Lakini fikiria aliyeulizwa ni nani: mtu aliyeona treila, akalipa tiketi, akategemea kitu fulani, akatoka akiwa na hasira au furaha ileile ya mlangoni. Muvi za kutisha mara nyingi zinaadhibiwa pale mlangoni hata kama baadaye watu wanakuja kuzipenda.

Pesa ndo kabisa usiifanye kipimo. Ni kweli muvi imebuma, inatajwa kwamba imegharimu kati ya dola milioni 50 na 80 na imeingiza kama milioni 40 dunia nzima. Lakini jua ilipotokea: ilipigwa picha New Orleans mwaka 2017, ikakaa kabatini, Fox, studio yenye muvi, ikanunuliwa na Disney 2019, ndo ikaja kutolewa tarehe 10 Januari 2020, na Januari kule Marekani ndo mwezi ambao studio zinatupia muvi zisizoziamini. Watu wengi walienda kuiangalia wakiwa wameshaambiwa kwamba imetelekezwa. Hilo linaingia kwenye maoni hata kama mwandishi hajalitaja, na utaliona kwa wale wanaoanza na "nilitegemea uozo ila...", hao wasome mpaka mwisho maana wanakuwa wameshangazwa na kitu na huwa wanasema ni kipi.

Sasa tuje kwenye malalamiko yenyewe, maana yanajirudia yaleyale, na kila moja lina namna yake ya kulisoma.

La kwanza na kubwa ni "inaanza ghafla, sijui hawa ni akina nani". Ni kweli tupu. Muvi inaanza Norah yuko bafuni anapiga mswaki, peke yake, anamwona buibui mdogo kwenye sinki, anamwangalia, anamwacha salama. Maji yanadondoka tone kutoka juu. Kimya. Halafu kituo kinapasuka na kuanzia hapo ni mbio, hujaambiwa ana familia gani, hujapewa ile sehemu ya mezani watu wanakula na kutaniana ili uwazoee kabla hawajafa. Mwenye kutaka kuwajua watu kwanza anakasirika na ana haki yake. Lakini mi nasema angalia tena kile kipande cha buibui, kwa sababu ndo utambulisho wenyewe: ndani ya dakika chache umeshajua huyu ni mtu asiyeweza kuua kidudu, halafu muda si mrefu analazimika kufunga mlango huku kuna wenzake upande wa pili. Mkono uleule uliomhurumia buibui. Muvi imekupa mtu kwa matendo, haijakupa kwa maneno. Kwa hiyo ukikuta mtu anaiponda kwa kosa la kuanza haraka, jiulize we ni wa upande gani. Ukiwa ni wale wanaosogeza mbele nusu saa ya mwanzo ya kila muvi mpaka "kitu kianze", hayo malalamiko yahesabu kama sifa.

La pili ni "giza, sikuona kitu". Hili lisome kwa makini zaidi kuliko yote maana nusu yake ni kosa la skrini. Mwanga wa jua baharini ukifika mita 1000 unakuwa umekwisha kabisa, sasa hawa wako zaidi ya mara kumi ya hapo, yaani ingekuwa na mwanga ndo ungekuwa uongo. Na vipande vingi vya kutembea sakafuni havikupigwa kwenye maji, walivipiga pakavu, waigizaji wakiwa wamevaa masuti mazito ya kweli, halafu maji na lile vumbi linaloelea vikaongezwa baadaye kwenye kompyuta. Kilichokusudiwa ni uone kile tu kinachoangazwa na taa ya kofia, hatua tatu nne mbele, na kinachopita nyuma yake ukione nusu. Sasa mtu akiiangalia hiyo kwenye simu, saa nane mchana, kaketi dirishani, ubora kaushusha mpaka 240 ili kubana bando, lile giza linageuka vigaevigae vyeusi vinavyocheza na hapo haoni kweli. Kabla hujaamini maoni ya mtu kuhusu giza tafuta kama kasema kaiangalia wapi. Na we mwenyewe ukiamua kuiangalia, subiri usiku, zima taa, ongeza mwanga wa skrini, ubora usiwe chini ya 720 hata kama itabidi usubiri bando la usiku, na vaa hedifoni. Hedifoni ni lazima. Nusu ya hii muvi ni pumzi za watu ndani ya kofia na vyuma vinavyolia kwa kubanwa na maji, ukiiangalia kwa spika ya simu umeangalia nusu muvi. Hata zile zinazowekewa sauti ya DJ juu, nawaheshimu sana ma-DJ, wametufanya wengi tupende muvi, ila kwa hii kimya chake ndo utamu wake, weka ya asili na maandishi ya chini.

La tatu, "imeiga Alien", ile muvi ya kutisha ya chombo cha angani. Utalikuta kila mahali. Steringi mwanamke, kampuni kubwa isiyosema ukweli, watu wachache kwenye korido za chuma, kiumbe. Ndiyo, inafanana na ile ya 1979, na nadhani hata walioitengeneza hawatabisha. Swali la kumuuliza mtoa maoni ni moja tu: mbali na kufanana, ilimfanya nini? Akisema imeiga na akaishia hapo, hajakusaidia. Akisema imeiga lakini kiumbe hakumtisha kwa sababu alionekana mapema, hapo kakupa kitu cha kupima.

La nne ni sayansi, na hapa nitakaa kidogo maana napapenda. Wanasema haiwezekani mtu avae suti atembee kule chini. Wako sahihi. Kilomita 11 chini mgandamizo wa maji ni zaidi ya mara 1000 ya huu wa hewa tunayoivuta hapa juu, yaani kama tani moja imekaa juu ya eneo la sentimita moja ya mraba, kiasi cha ukucha wa kidole chako. Suti za kweli zenye maganda magumu ya kuhimili mgandamizo, mzamiaji wa jeshi la maji la Marekani alishuka na moja mwaka 2006 akafika kama mita 610, na hiyo ilikuwa rekodi. Mita 610, hawa wa kwenye muvi wako kwenye 10,000 na zaidi. Wa kwanza kufika chini kabisa kwa ukweli, Jacques Piccard na Don Walsh mwaka 1960, walikuwa wamejifungia ndani ya tufe nene la chuma, hawakutoka nje kutembea. Hata lile tone la maji linalodondoka bafuni mwanzoni, kwa mgandamizo ule tundu dogo lisingedondosha tone, lingerusha maji kwa nguvu ya kukata. Kwa hiyo mtu akiandika "sayansi yake ya uongo" hajakosea. Ila kuna kitu muvi imekipatia na wengi hawakisemi: hofu yake yote imejengwa juu ya mgandamizo. Kule chini kioo hakivuji, kinabonyea ndani mara moja na mambo yamekwisha kabla mwenye kofia hajajua. Kuna kipande cha kofia mapema kwenye muvi ambacho ukishakiona, kila ufa mdogo unaokuja baadaye unakukaba koo. Mtoa maoni anayesema hivyo ameiangalia kwa macho mawili. Kama we ni injinia au mzamiaji na uongo wa kisayansi unakuharibia usiku, basi achana nayo kwa amani. Kama unaweza kuikubalia muvi uongo mmoja mkubwa ili ikupe hofu iliyo kweli, endelea.

Utani wa yule jamaa anayebeba sungura wa kuchezea unagawa watu pia, wengine unawapunguzia presha wengine unawatoa kwenye muvi, hilo ni la ladha tu, lipite.

Kinachofuata kina spoila, kama hujaiangalia ruka aya moja.

Lalamiko la mwisho ni "lile jitu la mwisho limetoka wapi, halijaelezwa". Hapa angalia tarehe. Walioandika mwanzo kabisa, Januari 2020, wengi waliona dude kubwa mno linaamka gizani wakabaki na maswali. Muda mfupi baada ya muvi kutoka, mwongozaji Eubank akasema waziwazi kwamba lile ni Cthulhu, yule mungu wa kutisha anayelala chini ya bahari aliyebuniwa na mwandishi Mmarekani H.P. Lovecraft kwenye hadithi iliyotoka 1928. Kuanzia hapo wakaja watazamaji wapya kabisa, wapenzi wa Lovecraft, ambao kwao kile kipande cha mwisho ndo muvi nzima. Kwa hiyo una makundi mawili yanayozungumzia mwisho uleule, moja linauona umetoka hewani, lingine linauona kama kitu lilichokisubiri kwa miaka. Mtu wa kundi la pili akikwambia mwisho ni bora kuliko wote, jiulize kwanza kama we unamjua huyo Cthulhu, kama humjui huenda utauona kama walivyouona wa kwanza. Mi nilimpenda hata kabla ya kujua jina lake, kwa sababu ya ule ukubwa, yale macho ya taa ya kofia yanavyokuwa vitone tu mbele yake.

Aya ya spoila imeisha.

Kuna kitu kimoja watoa maoni wanasahau kukisema na inabidi uwatafutie: hali ya mwili wako. Kama unaogopa sehemu finyu, unapata shida kwenye lifti au kwenye kipimo cha kuingizwa kwenye bomba hospitali, hii muvi itakutesa, kuna vipande watu wanatambaa kwenye vifusi na maji yanapanda. Taa zinawaka na kuzimika sana, mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga awe mwangalifu. Kwa watoto, Marekani imepewa PG-13, damu sio nyingi lakini vifo ni vya ghafla, mdogo wako wa miaka tisa usimweke saa nne usiku halafu ukamwambia akalale.

Sasa ya kwako. Umeshaangalia, unataka kuandika. Usianze na "kali" au "mbovu", anza na uliiangaliaje na we ni mtu wa muvi gani, kwa sababu msomaji akishajua kipimo chako anaweza kukitumia hata kama hakubaliani na we. Halafu chagua kipande kimoja tu na ukieleze kwa karibu, kimoja, usiorodheshe. Kisha sema ni ya nani. Mfano:

"Nimeiangalia kwenye simu usiku na hedifoni. Mi napenda muvi zinazoanza taratibu kwa hiyo mwanzo ulinipa tabu, nilichelewa kujua nani ni nani. Lakini pale wanaposhuka na ile lifti kwenda sakafuni, unasikia pumzi zao tu na mbele ni weusi, nilijikuta nimeshika pumzi na mimi. Kristen Stewart kaibeba, haongei sana ila unamwamini mkono wake ukigusa kila nati. Kama unataka stori ya watu na maisha yao haitakutosha. Kama unataka kubanwa mwanzo mwisho, weka."

Ona hapo hakuna aliyekufa aliyetajwa, hakuna nyota, na bado umejua kila unachohitaji. Ukitaka kusema ya mwisho wa muvi, andika SPOILA juu kwa herufi kubwa, acha mistari kadhaa ya wazi, ndo uendelee, maana simu nyingi zinaonyesha mistari ya kwanza ya komenti hata kwa asiyeifungua. Na mtu akikujibu "kwa hiyo ni nzuri au mbaya?", usimpe neno moja, muulize muvi ya mwisho aliyoipenda ni ipi, kisha umjibu kwa hiyo.

Kwenye komenti utakutana pia na watu wanaolinganisha Underwater na The Abyss ya James Cameron ya 1989, na hapo kuna mtego. The Abyss ni muvi yenye roho nyingine kabisa, ina mapenzi ya ndoa iliyovunjika, Ed Harris na Mary Elizabeth Mastrantonio, inaenda taratibu, na maji yake ni maji kweli, walijaza tangi kubwa la mtambo wa nyuklia ambao haukumalizwa kujengwa kule Gaffney, South Carolina, kama lita milioni 28, waigizaji wakazamishwa humo kwa miezi. Anayeipima Underwater kwa kipimo hicho lazima imwangushe, mwongozaji mmoja alitaka ustaajabu chini ya bahari, mwingine anataka ukimbie utoke. Ukitaka kuitafuta baada ya hii, njia ni ileile ya kusoma sababu, ila kuna jambo moja la kuongeza. The Abyss ina matoleo mawili, lile la sinema la kama saa mbili na dakika 20, na lile refu la karibu saa tatu lililotoka miaka michache baadaye, na hilo refu limerudishiwa kipande kikubwa cha mwisho kinachoeleza wale viumbe wa chini walikuwa na neno gani na sisi wa juu. Watu wanabishana miaka yote kama mwisho wake ni mzuri au mbaya na wengi wao hawajaangalia mwisho mmoja. Kwa hiyo kabla hujaamini maoni yoyote kuhusu The Abyss, angalia kwanza kama aliyeandika kasema alitazama toleo lipi, na asiposema, muulize.